Betri zaidi au jenereta? Kwanza seva zako zijue kwamba umeme umekatika

Swali: Ninasimamia chumba kidogo chenye seva tatu zinazoendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva), kifaa kimoja cha hifadhi kinachotumiwa na zote tatu, swichi mbili na UPS (kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika) ya VA 3000. Umeme ukikatika, seva zinaendelea dakika kadhaa, kisha zote zinazimika kwa pamoja. Mara ya mwisho hifadhidata yetu ya PostgreSQL ilikataa kufunguka, na huduma nyingine zilichukua nusu siku kurudi ingawa umeme ulikuwa umesharudi. Wakubwa wako tayari kutoa fedha. Niongeze betri au ninunue jenereta? Na je, niziache seva ziwake zenyewe umeme ukirudi?

Jibu: Ndugu yangu, kabla hujaandika ombi la fedha, nenda nyuma ya UPS uangalie kama tundu lake la USB au la mtandao lina kebo. Kwa jinsi ulivyoeleza, naona halina kitu. UPS yako inazipa seva umeme lakini haizungumzi nazo, kwa hiyo umeme wa gridi ukikatika seva hazina habari. Zinaendelea kupokea maombi, kuandika faili na kuendesha mashine pepe zote hadi betri inapoishiwa, kisha zinakatika kwa mpigo mmoja. Kwa hifadhidata, kukatika huko ni sawasawa na mtu kung'oa plagi. UPS imekusogezea tu saa ya kung'olewa.

Ndiyo maana nasema usinunue chochote kwanza. Betri ya ziada itakuongezea dakika ambazo hakuna anayezitumia, na siku jenereta isipowaka utajikuta palepale ulipo leo. UPS ya ukubwa huo ina kazi mbili: kukuvusha katika mkatiko mfupi bila seva kuhisi kitu, na mkatiko ukirefuka, kuzipa seva muda wa kujizima kwa utaratibu. Kazi ya kwanza unaipata. Ya pili haijawahi kuanza.

Lakini habari ya PostgreSQL imenishtua kuliko ya betri, kwa hiyo nitaanza nayo.

Hifadhidata haikupaswa kugoma

PostgreSQL imeandikwa na watu wanaojua kwamba umeme hukatika. Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye kumbukumbu ya miamala iitwayo WAL, na mteja haambiwi kwamba muamala umekamilika mpaka mfumo wa uendeshaji uthibitishe, kupitia fsync, kwamba maandishi hayo yamefika diskini. Kurasa za data zenyewe, kila moja KB 8, huandikwa baadaye kwa nafasi yake. Umeme ukikatika ukurasa ukiwa umeandikwa nusu, nakala yake kamili imo kwenye WAL. Hiyo ndiyo kazi ya mpangilio wa full_page_writes. Hifadhidata ikiwashwa, inaipitia WAL na kurudisha kila kitu mahali pake. Kwa hiyo hata plagi iking'olewa katikati ya kazi, inapaswa kuamka. MySQL, hifadhidata nyingine maarufu, ikitumia injini ya InnoDB inafika hapohapo kwa njia yake, ilimradi innodb_flush_log_at_trx_commit ibaki 1 na hakuna aliyezima uandishi wake wa mara mbili.

Sasa kama yako iligoma, kuna tabaka kati ya hifadhidata na diski lililojibu "nimeandika" wakati halijaandika. Mtafute mwongo huyo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu usipompata, hata UPS bora kuliko zote haitakuokoa siku itakapoungua yenyewe.

Anzia juu ushuke chini. Ndani ya PostgreSQL andika SHOW fsync; kisha SHOW full_page_writes; zote mbili zijibu on. Ni kawaida kukuta fsync imezimwa na mtu aliyekuwa akipakia data nyingi siku ya kwanza, halafu hakuna aliyeirudisha. Ukitoka hapo, angalia mipangilio ya mashine pepe. Kwenye QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, diski iliyowekewa cache=unsafe hupuuza kila agizo la kusukuma data hadi diskini. Halafu njoo kwenye kifaa cha hifadhi, na hapa ndipo shaka yangu kubwa ilipo. Ikiwa seva zinakifikia kwa NFS (njia ya kushiriki faili kupitia mtandao) na eneo hilo limetolewa kwa chaguo la async, kifaa kinajibu kwamba kazi imekwisha wakati data bado iko kwenye RAM yake. Kwenye mfumo wa faili wa ZFS, sync=disabled ina madhara yaleyale. Watu huweka chaguo hizi siku wanapolalamikiwa kwamba mfumo ni mzito, na kweli kasi hupanda, kila mtu akafurahi.

Chini kabisa kuna kadi ya RAID, inayoziunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, na diski zenyewe. Kadi yenye kashe ya kuandikia, yaani kumbukumbu ya muda, huwa na betri ndogo au kapasita ya kuilinda kashe hiyo umeme unapokatika. Betri ikifa, kadi nyingi huacha kutumia kashe na kuanza kuandika diskini moja kwa moja. Seva inakuwa nzito ghafla, mtu anafungua mipangilio na kuilazimisha kadi iendelee kutumia kashe bila betri, malalamiko yanaisha, na kuanzia hapo kila mkatiko ni bahati nasibu. Ukikuta kadi yako imelazimishwa hivyo, betri mpya ya kadi hiyo itakufaa kuliko betri yoyote ya UPS.

SSD nazo hazilingani. Zile zilizoundwa kwa ajili ya vituo vya data huwa na kapasita ndani, zenye umeme wa kutosha kumalizia maandishi yaliyokuwa njiani. Nyingi za kompyuta za kawaida hazina. Mwaka 2013, kwenye mkutano wa USENIX FAST, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na HP Labs walieleza walivyozikatia umeme SSD 15 zikiwa kazini: 13 kati yake zilionyesha kasoro, kuanzia data iliyoharibika hadi diski iliyokufa kabisa. Diski za leo si zilezile, ila kuna mstari mmoja wa kutafuta kwenye karatasi ya maelezo ya diski kabla ya kuangalia kasi yake, nao ni ule unaotaja ulinzi dhidi ya kupotea kwa umeme.

Na ikitokea tena imegoma, usikimbilie pg_resetwal kwa sababu tu umeikuta kwenye jibu la mtu mtandaoni. Amri hiyo inaitupa WAL, yaani kitu kilekile kilichokuwa kikuokoe, na hifadhidata inaweza kufunguka ikiwa na data isiyolingana bila wewe kujua. Izime, nakili saraka nzima ya data mahali pengine, halafu ndipo ujaribu kurejesha kutoka kwenye nakala rudufu.

UPS izungumze, seva zisikie

Kwa vifaa vya aina mchanganyiko kama vyako, programu ninayoipendekeza ni Network UPS Tools, maarufu kama NUT. Ni ya bure na inaelewana na UPS za watengenezaji wengi. Mashine moja huunganishwa na UPS kwa kebo ya USB na kuwa mkuu; nyingine husikiliza kupitia mtandao, kwenye poti 3493. UPS ikihamia kwenye betri, mkuu anaona hali ya OB. Betri ikikaribia kuisha, inaongezeka LB, na hapo mkuu anatangaza kuzima: wasikilizaji wanajizima kwanza, yeye anafuata, na mwisho kabisa anaiagiza UPS ikate umeme.

Nani awe mkuu? Wengi huchomeka USB kwenye seva iliyo karibu na UPS, basi. Katika chumba chako mkuu anapaswa kuwa kifaa cha hifadhi, kama kinaweza kuendesha NUT, na vingi vinaweza. Sababu ni kwamba mkuu hutangulia wote kujua na huwa wa mwisho kuzimika, na hifadhi ndiyo inayopaswa kuwa ya mwisho. Ikizimika mapema, mashine pepe zote zinapoteza diski zikiwa hai, na umerudi kulekule kwenye kung'oa plagi.

Hapa kuna mtego. Kwa kawaida mkuu husubiri wasikilizaji kwa sekunde 15 tu (ni mpangilio wa HOSTSYNC) kabla ya kuendelea na kujizima kwake. Seva yenye mashine pepe nane haizimiki kwa sekunde 15. Kila mashine pepe inaambiwa ifunge kazi zake, nyingine zina hifadhidata ndani, nyingine ni Windows iliyoamua kusakinisha masasisho wakati huohuo. Ongeza HOSTSYNC na FINALDELAY (kusubiri kwa mwisho kabla ya kujizima) kwa mkuu hadi zizidi muda halisi wa seva yako iliyo nzito kuliko zote. Usipofanya hivyo utaona kwenye logi kwamba kila kitu kilizimwa "kwa utaratibu" huku hifadhidata ikiwa imekatwa katikati.

Muda huo halisi haukisiwi. Chagua usiku mmoja usio na kazi, zima seva zote kwa amri, na utumie saa. Usiku huohuo utagundua mashine pepe ambayo haitii amri ya kuzima kwa sababu haina programu ya wakala ndani yake, na nyingine inayong'ang'ania mpaka seva mwenyeji iiue kwa nguvu. Zitengeneze hizo kwanza, halafu pima tena.

Ukishaupata muda, amua uzimaji uanze lini. Mipangilio ya kiwandani husubiri UPS yenyewe iseme betri imekaribia kuisha, na hilo mara nyingi huja zikiwa zimebaki dakika chache mno. Programu nyingine maarufu, apcupsd, huja ikiwa imewekwa kuanza betri ikifika asilimia 5 au zikibaki dakika 3. Kwa kompyuta ya mezani inatosha. Kwa seva tatu na hifadhi, hapana. Ikiwa kuzima kote kunakuchukua dakika 6, anza zikiwa zimebaki angalau 12. Binafsi napendelea kutumia saa badala ya makisio ya betri: umeme usiporudi ndani ya dakika 4, anza kuzima, hata kama UPS inadai ina dakika 30. Makisio ya UPS ni hesabu tu, na betri iliyozeeka huonyesha asilimia 60 kisha ikaanguka hadi sifuri kabla hujafika mlangoni.

Unaweza pia kuzima kwa hatua. Seva ya majaribio na ile ya ripoti zizimwe dakika ya pili, zile za lazima zibaki. Betri za risasi zina tabia nzuri hapa: ukipunguza mzigo kwa nusu, muda unaongezeka zaidi ya maradufu. Kuzima seva moja mapema mara nyingi kunakupa dakika ambazo ungezilipia kwa kununua betri ya ziada.

Kitu kinachosahaulika kila mahali ni swichi. Angalia kama zote mbili ziko kwenye UPS. Swichi iliyochomekwa ukutani inazimika sekunde ileile umeme unapokatika, na tangazo la mkuu halimfikii mtu. Ruta nayo vivyo hivyo, kama unataka ujumbe wa tahadhari utoke nje ya jengo. Wakati huohuo ondoa visivyohusika: printa ya leza ikianza kupasha moto inavuta mkondo mkubwa kiasi cha kuizidia UPS nzima.

Mzigo, nyaya na betri

VA 3000 haimaanishi wati 3000. Soma kibandiko: UPS ya VA 3000 inaweza kuwa ya wati 2700 au 2100, kutegemea kipeo chake cha nguvu (uwiano wa wati kwa VA), na wati ndizo zinazokuhusu. Ukikuta mzigo wako umepita asilimia 80 ya wati hizo, hapo ndipo UPS kubwa zaidi inaanza kuwa na hoja.

Seva zako pengine zina pawa saplai mbili kila moja. Zikiwa zote mbili zimechomekwa kwenye UPS moja, UPS yenyewe ikifa seva zinakufa nayo, na UPS hufa, wakati mwingine katikati ya kujipima yenyewe. Chomeka moja kwenye UPS na nyingine kwenye saketi ya ukutani yenye kinga dhidi ya umeme kupanda ghafla. Siku ukipata UPS mbili, kila moja iweze kubeba mzigo wote peke yake, maana yake siku za kawaida isizidi asilimia 40 hivi. Na usiamini mchoro. Fuata kila kebo kwa mkono. Tarehe 8 Agosti 2016 shirika la ndege la Delta lilipata hitilafu ya umeme kwenye kituo chake cha data huko Atlanta, likaishia kufuta safari zaidi ya 2,000 katika siku tatu. Mkuu wake alieleza baadaye kwamba takriban vifaa 300 kati ya 7,000 havikuwa vimeunganishwa na umeme wa akiba.

Betri za risasi zilizofungwa, ambazo ndizo ziko ndani ya UPS nyingi, huishi miaka 3 hadi 5 kwenye nyuzijoto 20 hadi 25 za Selsiasi. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya hapo hupunguza umri huo kwa takriban nusu. UPS iliyobanwa chini ya kabati nyuma ya feni za seva inakula betri zake kimyakimya. Andika tarehe ya kufungwa kwenye kibandiko cha mbele, si kwenye faili lililomo ndani ya seva. Ukibadilisha, badilisha zote za mfululizo mmoja kwa pamoja, kwa sababu iliyochoka inazivuta mpya chini. Betri za lithiamu hudumu zaidi, lakini usizitie kwenye UPS iliyoundwa kwa betri za risasi. Uchajishaji wake ni tofauti, na kosa hilo linaweza kuwasha moto.

Umeme ukirudi

Nusu siku uliyopoteza ilipotea hapa, na hapa ndipo watu wengi hawajiandai kabisa. Swali lako la mwisho lina majibu mawili: ndiyo, ziwake zenyewe, lakini si zote kwa pamoja.

Kwenye BIOS ya kila seva kuna mpangilio unaoamua seva ifanye nini umeme ukirudi: ibaki imezimwa, irudi katika hali iliyokuwa nayo mwanzo, au iwake daima. Wengi huchagua ile ya katikati kwa kuona ni ya busara. Lakini ukishaweka NUT, seva inakuwa imezimwa kwa amri kabla umeme haujapotea, kwa hiyo hali yake ya mwisho ni "imezimwa", nayo itaheshimu hali hiyo hadi uje uibonyeze. Chagua iwake daima.

Kuna mtego mwingine nyuma ya huo. Tuseme umeme umerudi dakika ya saba, seva zikiwa katikati ya kujizima. Zinamaliza kuzima, lakini UPS haijawahi kukata umeme, kwa hiyo kwa upande wa seva hakuna umeme uliorudi. Zinakaa zimezimwa ilhali taa za chumba zinawaka. Ndiyo maana mkuu lazima aiagize UPS ikate umeme kisha iurudishe, hata kama gridi imesharudi. Kwenye NUT kazi hiyo hufanywa na faili la POWERDOWNFLAG. Kwenye kifaa cha hifadhi tafuta chaguo linaloagiza UPS izimike mwishoni. Kama umefuata ushauri wangu wa kuchomeka pawa saplai ya pili ukutani, hila hiyo haitafanya kazi kwa seva hizo, kwa sababu upande wa pili una umeme muda wote. Hapo tumia Wake-on-LAN (kuamsha seva kwa ujumbe wa mtandao) au kadi ya usimamizi ya seva, na kifaa cha hifadhi kiwe ndicho kinachoziamsha kikishakuwa tayari.

Mpangilio wa kuwaka uwe hivi: swichi na ruta, kisha hifadhi, kisha seva, na ndani ya seva zitangulie mashine pepe za DNS (inayogeuza majina kuwa anwani) na za saa, kisha hifadhidata, kisha programu. Hifadhi yenye diski nyingi inaweza kuchukua dakika 5 au zaidi kabla ya kutoa eneo lake. Seva ikiwaka kabla ya hapo inalikosa na kuendelea kana kwamba halipo. Weka kuchelewa kwenye BIOS au kwenye UPS, na kwenye systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, hakikisha huduma zinasubiri eneo la mtandao lipandishwe, yaani liunganishwe. Kuwasha kwa zamu kuna faida nyingine: seva zote zikiwaka sekunde moja, mkondo wa kuanzia unaweza kuangusha breka uliyotoka kuirudisha.

Halafu tafuta mizunguko. Seva zinahitaji DNS ili kuipata hifadhi kwa jina, DNS ni mashine pepe, na mashine pepe iko kwenye hifadhi. Ukikuta kitu kama hicho, andika anwani ya hifadhi kwa namba. GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, ilikutana na mnyororo wa namna hii Januari 2016: hitilafu ya umeme iliwasha upya zaidi ya robo ya seva zake, diski za baadhi ya mashine za Redis (hifadhidata inayofanya kazi kwenye RAM) hazikutambulika baada ya kuwaka, na kumbe programu yao kuu ilikuwa inakataa kuanza bila Redis hiyo. Huduma ilisimama kwa saa 2 na dakika 6, na sehemu kubwa ya muda huo umeme ulikuwepo.

Yaliyobaki ni madogo lakini ndiyo yanayokula saa. Huduma iliyoanzishwa kwa mkono miezi minane iliyopita na haijawekwa ianze yenyewe. Kanuni za swichi ambazo hazikuhifadhiwa. Diski iliyosimbwa inayosubiri nywila, na nywila imo kwenye programu iliyo ndani ya seva hiyohiyo. Betri ya ubao mama iliyokufa, seva ikaamka ikidhani ni mwaka mwingine, na Kerberos, itifaki ya kuthibitisha watumiaji ambayo kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5, ikamkataa kila anayejaribu kuingia. Chapisha utaratibu wa kuwasha kwenye karatasi, ubandike ndani ya mlango wa kabati.

Jenereta

Jenereta ina maana pale tu ambapo huduma yako haiwezi kulala kwa saa kadhaa. Kama inaweza, kuzima vizuri na kuamka vizuri kunatosha, na fedha hizo ziende kwenye diski na nakala rudufu. Ukiinunua, kumbuka lazima ibebe kiyoyozi pia; chumba kilichofungwa chenye seva zinazofanya kazi bila kupoozwa huwa tanuri ndani ya muda mfupi. Iunganishwe na fundi umeme mwenye leseni kupitia swichi ya kuhamisha mzigo, ikae nje kwa sababu moshi wake unaua, na ijaribiwe ikiwa na mzigo wa kweli. Jenereta ya dizeli inayowashwa kila wiki bila mzigo hujaza masizi kwenye injini, na betri yake ya kuwashia ndiyo hufa kwanza. Angalia vilevile kama UPS yako inaukubali umeme wake. Volti na masafa yakiyumba, UPS inaukataa na kubaki kwenye betri mpaka inaisha, jenereta ikinguruma hapo nje. Hata wakubwa yamewapata: usiku wa tarehe 29 Juni 2012, dhoruba ilipokata umeme wa kituo kimoja cha Amazon huko Virginia, jenereta hazikuweza kutoa volti tulivu, UPS zikaisha, na Netflix na Instagram zikapotea hewani.

Jaribu

Baada ya kuchukua nakala rudufu, na watumiaji wakijua, kata umeme wa UPS kwenye breka. Usiichomoe plagi, kwa sababu ukiichomoa unaondoa na waya wa ethi, na vifaa vyote vinabaki bila kinga hiyo. Kaa na saa na daftari. Uwe na kipimo kilicho nje ya chumba, kinachotarajia salamu kutoka kwa seva kila dakika na kupiga kelele isipofika, maana mfumo wa ufuatiliaji ulio ndani ya seva hautakuambia kwamba umezimika. Jaribio la kwanza karibu kila mara hufichua kitu.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi huliruka: rudisha umeme, na dakika chache baadaye kata tena. Agosti 2015 radi nne zilipiga mfululizo gridi inayolisha kituo cha Google huko Ubelgiji. Betri zilitumika tena na tena, na baadhi ya diski zikapoteza data, ingawa kwa kiasi kidogo mno, chini ya asilimia 0.000001 ya nafasi. Betri ya UPS huchukua saa kadhaa kujaa tena. Kwa hiyo ziwekee seva masharti: zisiwake mpaka chaji ifike, tuseme, asilimia 50. UPS nyingi zina kizingiti hicho, na NUT hukiita battery.charge.restart. Ukiona kifaa cha hifadhi kimeanza kuwaka huku skrini ya UPS inasoma asilimia 15, kizingiti hakijashika. Kirekebishe kabla hujatoka chumbani.